Mstari Nyuma ya Mlango

Ofisi ya mikopo, Mwanga. Feni inazunguka kama haijalipwa mshahara.
Bwana Ruhaga ananisogezea karatasi ya tisa:
"Dada Yusta, nyumba isiyo na bima hatuitolei hata senti.
Moto. Radi. Tetemeko. Mafuriko.
Na jina la benki litangulie lako."

Nikacheka. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, Maweni,
nimezoea habari mbaya zikija kwa mpangilio.
Nikauliza: kwa hiyo ikiungua, mnalipwa nyinyi kwanza?
Akasema ndiyo, bila kupepesa,
kama mtu aliyeulizwa kama leo ni Jumanne.

Nyumba iko Katubuka. Vyumba vitatu, bati la bluu,
choo cha ndani, mpera mmoja.
Ntibakazi anaiuza ahamie kwa mwanawe Kasulu.
Bei tumeshapatana, mikono tumeshapeana,
na kichwani nimeshapanga
jiko likae wapi, Nyanzobe aweke wapi madaftari.

Mthamini akaja na futi ya kamba, kalamu sikioni.
Hakuuliza inauzwaje.
"Bei ni mambo ya soko," alisema. "Bima inauliza:
ikilala chini leo,
kuisimamisha tena itakula kiasi gani?"
Kiwanja hakukihesabu. Udongo, alisema, hauungui.
Mpera hakuuhesabu,
wala mapazia ambayo sijayanunua.

Kisha fomu. Swali la kumi na moja:
Je, nyumba hii imewahi kuingiwa na maji?
Nikampigia Ntibakazi. Akakohoa.
Kikohozi kile nakijua, hakina makohozi.
"Maji? Maji gani? Mvua ni baraka, mwanangu."

Nikaenda mwenyewe, asubuhi, nikitoka zamu.
Nyuma ya mlango wa sebule nikakuta rangi ya krimu
mpya kuliko nyumba, ikiishia kifuani.
Nikakwangua kwa ufunguo.
Chini yake mstari wa tope,
umenyooka kama umepigwa rula.
Maji hayana mkono, lakini yana mwandiko.

Nikaketi sakafuni, fomu mapajani.
Ukificha, zasema herufi ndogo, bima ni batili.
Nikiandika Hapana, ada inashuka, mkopo unatoka,
nahamia Ijumaa.
Mama yangu alijibu Hapana maisha yake yote
kwa kila swali lenye gharama,
na ziwa lilipopanda Kibirizi
tulitoka na godoro kichwani, na mlango,
maana mlango ndio aliokuwa amemaliza kuulipia.

Nikaandika Ndiyo. Nikaandika na kipimo:
mita moja na sentimita kumi na mbili.

Ada ikapanda. Ntibakazi akanuna wiki nzima,
kisha akashusha milioni mbili bila kunitazama.
Benki ikataka mtaro uchimbwe kabla ya saini.
Vijana watatu wa Buzebazeba waliuchimba siku nne
wakiniita Mama Bima.

Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi mimi sikuiona. Nilipewa bahasha ya kaki,
hati ndani yake, jina la benki juu,
langu chini, dogo,
kama mtoto anayechungulia begani kwa mtu mrefu.

Mvua ya kwanza ilikuja Novemba, saa nane usiku.
Niliamka nikausikiliza mtaro ukinywa.
Ulikunywa kwa kelele, kama ng'ombe aliyetoka mbali.
Sikuomba. Nilihesabu.

Kuta zote tumepaka upya, isipokuwa nyuma ya mlango.
Kila mwisho wa mwezi, nikishatuma rejesho,
Nyanzobe anasimama pale, visigino ukutani,
kitabu cha hesabu kichwani,
nami napiga alama kwa penseli.
Nimebakiza marejesho mia moja sabini na matatu.
Yeye ameuvuka mstari kwa vidole viwili.